Piano ya nyuzi ya Mjerumani, au ya umeme kutoka Dar?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Mafinga. Binti yangu ana miaka tisa, na tangu mwaka jana anafundishwa kinanda na mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Nyumbani tuna kibodi ndogo ya vibonyezo 61 aliyoachiwa na mjomba wake. Sasa kuna familia ya wageni inarudi kwao na inauza piano ya nyuzi ya Kijerumani, zile za kusimama ukutani, kwa shilingi milioni moja na nusu. Wanasema haijaguswa na fundi kwa miaka kama kumi ila inalia vizuri. Nikiongeza kidogo juu ya hela hiyo naweza kuagiza piano ya umeme mpya kutoka Dar. Shemeji yangu anasema ya umeme ni kitu cha kuchezea watoto, inaharibu vidole, na kwamba ya Mjerumani haifi. Umeme wetu nao ndio huo, leo upo kesho haupo. Nifanye lipi?"

Marahaba, mama. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Ningekuwa wewe ningenunua ya umeme, isipokuwa kama fundi ataifungua hiyo ya Mjerumani mbele yako akakuhakikishia kwamba pini zinazokaza nyuzi zake bado zimeshika. Na anayekwambia hivi ni mtu anayekula kwa piano za nyuzi. Nimezitengeneza Iringa, Njombe, hadi Tukuyu, na nikiingia kwenye nyumba yenye piano huwa nasahau hata chai niliyowekewa. Kwa hiyo sisemi kwa kuzidharau.

Shemeji yako ana ukweli nusu, na nusu hiyo ni kubwa, tumtendee haki kwanza.

Piano ilibuniwa Florence, Italia, karibu na mwaka 1700, na fundi aliyeitwa Bartolomeo Cristofori. Vinanda vya nyuzi vilivyokuwa vikitumika sana wakati huo vilinyofoa uzi kama mtu anavyonyofoa uzi wa gitaa kwa ukucha, na ubonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti ilikuwa karibu ileile. Yeye akaweka nyundo. Ukibonyeza, nyundo inarushwa kuelekea kwenye uzi, na ikibakiza milimita mbili tatu inaachiliwa iruke yenyewe, ipige, irudi. Ina maana kidole hakigusi uzi hata siku moja. Unachokimiliki ni mwendo wa nyundo pale inapoachiliwa: ikienda kasi sauti inakuwa kubwa, ikienda taratibu inakuwa ndogo. Mtoto anayejifunza piano anajifunza hasa kurusha nyundo kwa mwendo anaoutaka, na mwalimu wake mkuu katika hilo ni uzito anaousikia chini ya kidole. Kwenye piano iliyorekebishwa vizuri kibonyezo kinahitaji kama gramu 50 hivi ili kishuke, vya kushoto vya sauti nzito vikiwa vizito kidogo kuliko vya kulia.

Kibodi ya mjomba haina kitu hicho. Ni plastiki juu ya springi. Nyingine, kama Yamaha PSR-F52, hazijali kabisa umebonyeza kwa nguvu gani, sauti inatoka ileile. Binti akizoea hivyo miaka mitatu, siku atakapokalia piano ya kweli vidole vitachoka kabla ya ubeti wa pili, na kila noti atakayopiga italingana na mwenzake kama matofali. Vinanda vya kukanyaga vya makanisani navyo viko hivyohivyo, kidole hakiamui ukubwa wa sauti. Ndiyo maana wapigaji wetu wengi hodari wa kanisani wanapoingia kwenye piano wanasikika kama wanagonga mlango.

Alipokosea shemeji ni kutia kibodi na piano ya umeme kwenye kapu moja. Piano ya umeme inayostahili jina hilo ina vibonyezo 88 vya ukubwa kamili, na chini ya kila kimoja kuna nyundo ndogo ya uzito. Nyundo hiyo haipigi uzi wowote, ipo kwa ajili ya kidole tu. Vihisi viwili au vitatu vinapima muda kibonyezo kilioutumia kutoka juu hadi chini, chombo kinapiga hesabu ya mwendo, kisha kinatoa sauti iliyorekodiwa kutoka kwenye piano kubwa ya kweli, kwa ukubwa unaolingana na mwendo huo. Kidole kinafanya kazi ileile. Hakuna kinachoharibika.

Tofauti ipo, sitaificha. Kwenye piano ya nyuzi ukikanyaga pedali ya kulia nyuzi zote zinakuwa huru, ukipiga noti moja nyingine zinaitikia chinichini, kama waumini wanaovumisha sauti midomo imefumbwa wakati mwimbaji mmoja anaongoza. Mbao inatetemeka hadi kwenye goti lako. Piano za umeme za sasa zinaiga mwitikio huo, za bei kubwa vizuri, za bei ndogo kidogo tu, na zote zinautoa kwenye spika. Mtoto wa miaka tisa hatapungukiwa na hilo leo. Akifika miaka kumi na minne akawa anapiga vitu vizito, atapungukiwa, na mwalimu atakuwa wa kwanza kukwambia.

Sasa hili la Mjerumani kutokufa. Anakufa, mama, ila anakufa kwa heshima, bila kumwambia mtu.

Ndani ya hiyo piano kuna nyuzi zipatazo 220, na mvuto wake wote ukijumlishwa unafika tani kumi na nane hivi. Fremu ya chuma inabeba mzigo huo, lakini kila uzi umezungushwa kwenye pini, na pini imepigwa kwenye ubao mgumu. Hakuna nati wala gundi pale. Kinachoizuia pini isizunguke ni kubanwa na mbao basi. Na mbao, hata ikiwa imekatwa Ulaya miaka mia iliyopita, bado inakunywa maji ya hewani. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba, zinakwenda hadi Aprili, kisha tunapigwa na kiangazi chenye baridi na upepo hadi Oktoba. Ubao mpana wa nyuma unaokuza sauti unavimba wakati wa mvua, unasukuma nyuzi, sauti inapanda. Kiangazi unasinyaa, sauti inashuka. Piano niliyoipiga tuni, yaani niliyokaza nyuzi zake zilie sawa, Februari, Agosti imeshaniaibisha. Ndiyo sababu tunasema tuni mara mbili kwa mwaka, watu wanadhani tunatafuta hela.

Matundu ya pini nayo yanavimba na kusinyaa hivyohivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka mbao inachoka kubana. Pini ikilegea, naipiga tuni asubuhi, jioni imerudi ilikokuwa. Yako imepita misimu ishirini bila mtu.

Kuhusu "inalia vizuri", wauzaji hawakudanganyi. Anayekaa na piano kila siku hasikii ikishuka. Pima mwenyewe. Weka kwenye simu programu ya kupimia tuni ya gitaa, ziko nyingi za bure. Piga noti ya la, ile iliyo juu ya do ya katikati. Inatakiwa isome 440, yaani mitetemo kwa sekunde. Ikisoma 435 usiogope. Ikisoma 415, imeshuka nusu toni nzima: binti atabonyeza do, itakayolia ni noti ya si, na akienda kuimba na kwaya sikio lake litakuwa linabishana na wenzake.

Watu wananiambia, si uipandishe tu mwalimu. Niliwahi kufikiri hivyo. Nikiwa kijana mwenye haraka nilipandisha nusu toni nzima, siku moja, piano ya nyumba moja huko Njombe. Nyuzi tatu zilikatika, ya tatu ikanichana shavu, na mwenye nyumba hakunilipa. Alikuwa na haki. Nyuzi zilizopata kutu zinapandishwa kwa awamu, wiki kwa wiki, na nyingine hazipandi tena maisha.

Ukiwa hapohapo, inua mfuniko wa juu umulike kwa tochi. Tafuta kutu kwenye nyuzi, unga wa wadudu, na mavi ya panya, maana panya na nondo wanaipenda ile sufu ya nyundo kuliko tunavyoipenda sisi. Kuna kanisa nililoitwa kwa sababu do tatu zilikuwa zimenyamaza. Nikakuta kiota chenye vitoto, kimetandikwa sufu ya nyundo na kurasa za kitabu cha nyimbo. Kisha bonyeza vibonyezo vyote 88 kimoja kimoja, taratibu, ukisikiliza kinachokwama chini na kinachotoa mlio wa bati. Sauti za katikati na za juu kila noti ina nyuzi tatu, ukisikia noti moja inalia kama watu watatu wasioelewana, hizo zimeachana. Nyingi zikiwa hivyo, mashaka yangu juu ya pini yanaongezeka. Lakini pini zenyewe hutaziweza kwa macho. Hapo ni lazima fundi aje na ufunguo wake wa kutuni azijaribu kwa mkono, na usilipe hata arabuni kabla hajaja.

Na hapo ndipo penye swali ninalomuuliza kila mtu anayetaka piano ya nyuzi, kabla ya bei: fundi wako anakaa wapi? Nyanda zetu hizi mafundi tunahesabika. Wengine wanaletwa kutoka Dar, nauli juu yako, chakula juu yako, mahali pa kulala juu yako. Weka hesabu ya safari mbili kwa mwaka kwa miaka mitano, uijumlishe na ile milioni moja na nusu, ndipo ulinganishe na bei ya dukani. Nimeona piano za kupewa bure zikimgharimu mtu kuliko pikipiki.

Ikitokea fundi akasema pini zimeshika, na noti ya la ikasoma 430 na kitu, nitageuka upande wako mara moja: ichukue, na uombe wapunguze bei kwa gharama ya tuni mbili za mwanzo. Kwa kuwa wako hapohapo Mafinga, usafiri si tatizo kubwa. Wanaume watano au sita wenye akili, kirikuu, mablanketi, isimame wima muda wote, maana ina kilo 200 au zaidi. Ingekuwa ya kupandisha mlima wa Kitonga kwenye Fuso la mizigo ningekukataza. Iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko la mkaa, ikae wiki mbili tatu izoee nyumba, ndipo umwite fundi.

Tuseme haikupita. Unakwenda dukani, na dukani kuna mitego.

Mtego wa kwanza ni idadi ya vibonyezo. Vibodi vya 88 visivyo na uzito vipo tele Kariakoo, na muuzaji atakwambia "vinaitika kwa mguso". Kuitika kwa mguso maana yake ni kwamba ukibonyeza kwa nguvu sauti inakuwa kubwa. Uzito ni kitu kingine. Jaribu chombo kikiwa kimezimwa. Bonyeza kibonyezo cha kushoto kabisa polepole uache: kinatakiwa kirudi kwa kuelemewa na uzito wa kitu kilicho nyuma yake, kisiruke juu kama kalamu ya springi. Kisha cha kulia kabisa, usikie kama ni chepesi kidogo.

Mtego wa pili ni wingi wa sauti na midundo. Kuna vyombo vya sauti mia sita, vyenye rumba ndani, na kuna Yamaha P-45 yenye sauti kumi tu. Kwa binti yako nachukua ya kumi. Hela ya kiwandani inakwenda ama kwenye vibonyezo ama kwenye taa. P-45, Roland FP-10 na Casio CDP-S110 zote zina nyundo za uzito na zote mtu mmoja anazibeba. Mimi vidole vyangu vinaipenda FP-10, ina vihisi vitatu na inakupa kale kakikwazo kadogo unakokasikia kwenye piano kubwa nyundo inapoachiliwa. Kwa mtu mwenye umeme kama wako CDP-S110 ina jambo lake: inakubali betri sita ndogo za tochi. Utasikia pia hesabu ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja, 64, 96, 192. Kwa anayeanza 64 zinatosha.

Zilizotumika nazo zipo, na nzuri zinapatikana. Chunguza kibandiko cha nyuma. Za kutoka Japani nyingi zimetengenezwa kwa volti 100, na sisi tuna 230. Ukiichomeka moja kwa moja utaisikia mara moja tu.

Umeme kukatika usikutishe sana. Piano ndogo hizi zinatumia adapta ya volti 12, na hazifikishi wati 20. Sola ya nyumbani inayowasha televisheni inaziweza, mradi upitie kwenye inveta na adapta yake. Usiunge moja kwa moja kwenye betri ya gari. Wakati inachajiwa betri ile inapita volti 14. Kinachoua vyombo si umeme kuondoka, ni unavyorudi kwa kishindo. Umeme ukikatika chomoa, au ununue kile kifaa cha kulindia friji ukipitishie humo. Miezi ya radi, Novemba hadi Machi, chomoa kila mkimaliza kupiga, hata anga likiwa jeupe. Na ukiwa umegusa chombo ukahisi kamtekenyo ka umeme, huenda tatizo ni waya wa ardhi wa nyumba, muite fundi umeme kabla ya mtoto kukigusa tena. Ifunike kwa kitambaa, mende na sisimizi wanapenda joto la ndani.

Vidole, nilisema, haviharibiwi na piano ya umeme. Vinaharibiwa na meza ya chakula. Meza ya kawaida ina urefu wa sentimita 75, ukiweka chombo juu yake vibonyezo vinakaribia 85 au kupita, mtoto anapiga mabega yakiwa masikioni. Vibonyezo vinatakiwa viwe sentimita 72 hivi kutoka sakafuni, kiwiko kikiwa usawa wa vibonyezo au juu kidogo, na miguu ya mtoto iwe na kitu cha kukanyagia. Fundi seremala wa mtaani atakutengenezea stendi imara ya mbao kuliko zile za chuma za umbo la mkasi zinazocheza. Ile pedali ndogo ya plastiki inayokuja na chombo itakimbia sakafuni wiki nzima, nunua nzito yenye umbo la pedali. Akilalamika maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi vidoleni inayodumu zaidi ya siku chache, apumzike na aende hospitali, asiambiwe avumilie.

Halafu kuna kitufe kimoja ambacho ningekuwa na uwezo ningekiziba kwa gundi kwenye kila chombo kinachoingia mkoani: transpozi, kinachopandisha au kushusha sauti zote bila vidole kuhama. Unajua wapigaji wetu. Wimbo uko do ni G, yeye anabonyeza transpozi mara saba, anapiga kama do ni C, miaka ishirini, harusi na misiba yote. Nota za solfa zinatusaidia kuimba, sizisemi vibaya, lakini kwa mpigaji zikikutana na kitufe hicho zinamfunga kwenye vibonyezo vyeupe maisha. Piano ya nyuzi haina kitufe, inakulazimisha ujifunze. Bandika plasta juu yake, na umwambie mwalimu wa kwaya kwamba ni mimi niliyesema. Ombi langu lingine kwake ni aje nyumbani walau mara moja kwa mwezi aone mtoto anavyokaa, maana kwa video ya simu mkono unadanganya.

Na popote utakaposikia kuna piano ya nyuzi iliyopigwa tuni, misheni, shuleni, kwa mtu binafsi, omba binti aikalie nusu saa. Mara tatu nne kwa mwaka. Atarudi kwenye ya umeme akijua anaiga nini.

Kwa sasa nenda kwa hao wageni na simu, tochi na binti mwenyewe. Niandikie namba mbili: la ya katikati imesoma ngapi, na la ya juu yake, ambayo inatakiwa isome 880, imesoma ngapi. Zikiwa zimeshuka kwa kiasi kinacholingana kuna cha kuzungumza. Ikiwa moja imeshuka sana na nyingine imebaki, mwambie shemeji aje aibebe yeye.